VirtualDub kwa kanda za VHS: histogramu ndiyo sababu ya kuitumia

VirtualDub ni programu ya bure ya Windows ya kurekodi video, kwa mfano unapohamishia kanda za VHS kwenye kompyuta. Sura yake ni ya kizamani, lakini histogramu yake, yaani mchoro unaoonyesha jinsi mwanga na giza vilivyogawanyika kwenye picha, inaokoa picha. Iwashe ukiwa kwenye hali ya kurekodi: kingo zenye rangi nyekundu ni viwango vya mwangaza vilivyo chini ya 16 (weusi kupita kiasi) na juu ya 235 (weupe kupita kiasi), kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Cheza sehemu angavu kuliko zote, mathalani shati jeupe juani. Mchoro ukiingia wekundu wa kulia, punguza kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) kwa kitelezi chake. Kisha tafuta sehemu ya giza, upandishe mwangaza hadi weusi utoke wekundu wa kushoto. Rudia, maana kitelezi kimoja huathiri kingine.

Mistari myeusi ya pembeni na mchafuko wa chini ya fremu hupotosha usomaji. Ikate kwa muda, halafu irudishe kabla ya kurekodi.

Bora picha ipauke kidogo, utairekebisha baadaye. Weupe uliokatwa, yaani uliovuka kikomo ukapoteza maelezo yake, haurudi kamwe. Tena, baadhi ya vifaa vya USB vya bei rahisi hukata mwanga kabla ya vitelezi, na hapo kupunguza kontrasti hugeuza weupe kuwa kijivu tu. Hilo programu hii haiwezi kulitibu.