Habu ya gia kwa baiskeli ya umeme hapa Dodoma: ipi uchukue, ipi uache

Jamani kabla hujatoa hela yako naomba usikie hili moja: usiulize wati ngapi, uliza gia iko wapi. Mimi niliuliza wati. Nikauziwa mota ya habu (habu ni kile kitovu cha gurudumu) ya wati 350 isiyo na gia, mwezi wa pili tu napanda Ntyuka na madumu mawili ya maji nyuma, spidi ikashuka, ikashuka, nikasikia harufu kama ya waya unaoungua. Nilipogusa habu nikarudisha mkono haraka.

Hesabu yake ni hii. Mtu kilo 70, baiskeli 25, maji 40, jumla 135. Mwinuko wa asilimia 8 ukipanda kwa kilomita 20 kwa saa unataka kama wati 670, ukipanda kwa 10 inatosha kama 335. Kwahiyo dawa ni kupanda taratibu, ila mota yenyewe lazima izunguke haraka, ukiilazimisha ijikokote umeme mwingi unaishia kuwa joto. Hapo ndo unahitaji gia ya kubadilisha.

Na usichanganye, muuzaji akikwambia "hii mota ina gia ndani" hakudanganyi, ila uwiano wake ni mmoja tu, mara nyingi kama tano kwa moja (mota ikizunguka mara tano gurudumu linazunguka mara moja), huwezi kuubadilisha. Inapanda vizuri kuliko ile niliyounguza, kwa mtu wa Area D asiyebeba mzigo inatosha kabisa.

Namba moja kwangu ni mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedeli, ikivuta cheni hadi habu ya Shimano ya gia 3. Hizi habu zinakuja kwenye baiskeli za mtumba za Kijapani, utaitambua kwa unene wake na kale ka-boksi ka waya pembeni ya nati ya kulia. Gia ya 1 inapunguza hadi 0.73 (spoketi ya nyuma ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 0.73), ya 2 ni moja kwa moja, ya 3 inaongeza hadi 1.36. Mbele weka spoketi ya meno 44 na nyuma 22, ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika gia ya 1 inakupa kama kilomita 14 kwa saa na ya 3 kama 27, mlima wa UDOM na lami ya kwenda Ihumwa vyote umemaliza. Gia zote zimefunikwa, na kwa vumbi letu la kiangazi hilo peke yake ni sababu ya kununua. Ila achia resi kabla ya kubadilisha gia, kila mara, la sivyo utavunja meno ya ndani. Na usichukue yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume maana na mota nyingi za katikati haitafanya kazi.

Ya pili ni habu ya Enviolo. Haina gia za kuhesabu, ndani kuna mipira ya chuma inayoinama, uwiano unateleza kutoka 0.5 hadi 1.9, hata ukiwa umesimama unabadilisha. Nzuri sana kwa mzigo aisee. Shida ni nzito, kama kilo mbili na nusu, na ikifa fundi wa mtaani haifungui.

Ya tatu ni habu ya Shimano Nexus ya gia 8, ina upana mkubwa wa gia (asilimia 307, yaani gia ya juu ni kama mara tatu ya ile ya chini) ila vidude vya ndani ni vingi na vidogo, kwa mota yenye nguvu siiamini.

Habu ya Rohloff ya gia 14 ya Ujerumani ni kazi safi, unabadilisha oili kila kilomita 5,000 basi, ila bei inapita euro 1,000 kabla ya usafiri na ushuru. Ukiwa na hela hiyo chukua.

Ukienda kuangalia ya mtumba, inua tairi, weka gia ya 2, angalia kamstari ka njano kwenye kidirisha cha ka-boksi kakae katikati, kisha zungusha pedeli kwa mkono ukipita gia zote tatu. Ikiruka hata moja na waya umeshakazwa sawasawa, iache hapohapo.