Kitufe chekundu cha tela: vali ya handibreki niliyofunga Uyole

Mwagonile, ndugu zangu masuka, madereva wa malori, na mabosi wenye magari! Nipo Uyole, Mbeya, baridi linauma, ila siondoki mpaka mmekiona kitu hiki. Dogo, shusha kamera. Chini zaidi, ubavuni mwa tela. Haya, vitufe viko viwili, chekundu na cheusi. Hiyo ndiyo vali mpya ya breki. Habari za saizi ya bomba na nati siingii, fundi wako anazijua.

Twende kwenye chekundu. Nakivuta... pssshh! Umesikia? Upepo umetoka kwenye mabusta, yale makopo ya breki kwenye ekseli, springi zilizokuwa zimebanwa mle zimeachiwa, zimekamata breki. Springi, siyo upepo. Tenki la tela likauke kabisa, bado limekamatwa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tabia ya barabara hii ya Tunduma. Mtu anaegesha, anachomoa mpira mwekundu unaoleta upepo kutoka kwenye kichwa, yaani gari linalovuta, tela linakamata, anasema tayari. Tela nyingi hapo zinashikiliwa na upepo uliobaki kwenye tenki lake, na upepo huvuja. Balaa lenyewe liko wakati wa kulifunga tena: unachomeka ule mpira, upepo unaingia, breki ya tela inaachia. Kama handibreki ya kichwa hukuivuta, gari zima linaondoka, na wewe umesimama katikati ya kichwa na tela. Fikiria uko kwenye mteremko wa Iwambi. Unakimbilia wapi? Watu wanakufa hivyo, jamani.

Tazameni. Handibreki ya kichwa imevutwa, kabari iko kwenye tairi la tela, hakuna mtu mbele wala nyuma. Cheusi nilikuwa nimekisukuma ndani. Kazi yake ni kuachia breki tela likiwa halina upepo wa kichwa, ukitaka kulisogeza gereji. Chomeka mwekundu, dogo. Mmeona cheusi kilivyoruka nje chenyewe? Lakini chekundu kimetulia palepale! Tenki linajaa, breki imekamata, na haiachii mpaka mimi nije nikisukume kwa mkono wangu. Hapo ndipo waliotengeneza vali hii waliponimaliza, nimewakubali. Chomoa, chomeka tena, waone vizuri.

Faida nyingine: ukisharudi nyuma na pini ya tela ikaingia kwenye sahani ya kichwa, unaweka gia ndogo unavuta mbele taratibu. Tela limekamata, kwa hiyo kichwa kikigoma kwenda, pini imeshikwa. Usiridhike na hilo tu. Shuka na tochi, uone taya za sahani zimeizunguka pini, na sahani imegusana na tela bila mwanya. Ndipo uunge mipira ya upepo na umeme, halafu upandishe miguu ambayo tela husimamia. Kusukuma chekundu ndiyo hatua ya mwisho.

Wenye magari ya Kimarekani mtaniambia nyie mna kitufe chekundu kwenye dashibodi. Ni kizuri, sikatai. Ila kipo kwenye kichwa, na kichwa kikiondoka kinaondoka nacho. Hiki kinabaki na tela, hata aje dereva mwingine kulichukua.

Kinachoniudhi ni stika ya maelezo. Ni karatasi! Tope la Igurusi wakati wa kubeba mpunga litaibandua mara moja, na utingo anayejifunza atajuaje kipi ni kipi? Pakeni rangi ya mafuta, muandike EGESHA kwa herufi kubwa.

Bei sasa. Muuzaji alianza na laki tatu, nikaona ananionea, tukavutana akashuka. Ipo ya nusu bei, nimeishika, kitufe kinacheza na upepo unavuja shinani, nimemrudishia. Kwa hiyo ile ghali, sasa naiona bei yake ni halali, na bosi anayesema dereva ajinunulie mwenyewe simwelewi kabisa.

Video ya miguu ya tela inakuja, tutaipigia Makambako. Bonyeza kengele. Na wewe unayebeba mbao Mafinga, niandikie hapo chini: tela lako lina vali hii, au bado unachomoa mpira?