Mirambo na Isike: Watemi Wawili, Njia Mbili
Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji kwa nguvu ya rugaruga, wapiganaji wake (na wajukuu wa waliochomewa vijiji wana haki ya kutomsifu), baadaye aligeukia mazungumzo: mwaka 1876 alichanjiana damu na mpelelezi Stanley, aliyewahi kupigana dhidi yake akiwa upande wa Waarabu, kisha akajenga uhusiano na John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar. Uhusiano huo uliharibika mwaka 1880, wapiganaji wake walipowaua Waingereza wawili. Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipotekwa, akajilipua kwa baruti. Kwa ushujaa namtanguliza Isike; kwa akili ya utawala, Mirambo, ingawa dola yake ilisambaratika alipofariki mwaka 1884.