Geuza Gari Chali Kwanza: Usukani wa Magari ya Kuchezea Wapimwa

Gari la kuchezea likichakaa, mara nyingi mota huwa ingali hai na betri inashika chaji. Kilichokufa ni usukani. Magurudumu ya mbele yanatazama pande mbili tofauti, gari linavuta kushoto, na mtoto ameliacha kwa sababu haliendi anakotaka. Kwa hiyo tathmini hii haigusi kasi, taa wala milio. Inapima jinsi amri ya mkono au ya rimoti inavyofika kwenye magurudumu, na nini kinapokea kishindo gurudumu linapogonga mguu wa meza. Hilo la pili ndilo linaloamua umri wa gari. Kishindo kikiishia kwenye springi au kwenye fimbo ya chuma, gari litadumu. Kikiishia kwenye jino la plastiki, hesabu siku.

Mengi yanajulikana kabla ya kufungua skrubu hata moja. Geuza gari chali, shika gurudumu la mbele lisisogee, kisha zungusha usukani polepole kwa mkono wa pili. Mzunguko unaopotea kabla gurudumu halijaanza kusukuma vidole ndio ulegevu wa mfumo, ule ambao mafundi huuita plei. Nyuzi 5 ni kazi nzuri. Nyuzi 15 zinavumilika kwenye gari la kukalia. Gari jipya lenye nyuzi 30, liache palepale. Halafu kata kona hadi mwisho kila upande uone kama tairi inasugua bodi. Mwisho nyoosha usukani, weka gari kwenye sakafu bapa na ulisukume liende mita 2 lenyewe: likitoka nje ya mstari kwa zaidi ya upana wake na halina mahali pa kusahihisha, kasoro hiyo utaishi nayo.

Mfumo rahisi kuliko yote ni ekseli nzima ya mbele inayozunguka kwenye bolti moja ya katikati. Uko kwenye vitoroli vya kuvuta kwa mpini, na uko kwenye gari la waya ambalo mwendeshaji hutembea nyuma yake ameshika usukani wenye fimbo ndefu. Hauna meno ya kuvunjika, na fimbo ya waya yenyewe hunyumbuka ikameza kishindo. Tunaupenda. Ubaya wake ni wa kijiometria. Ekseli ikikatwa hadi nyuzi 90, magurudumu yote mawili yanajipanga kwenye mstari wa katikati, na chombo kilichosimama juu ya pembe nne kinabaki juu ya pembetatu. Mtoto akiegemea kando, kinabinuka. Kitoroli kizuri kina kizuizi kinachosimamisha ekseli kwenye nyuzi 30 hadi 40 hivi. Kama hakina, funga vipande viwili vya mbao ngumu kwenye chasisi, kimoja kila upande, ekseli iviguse mapema. Bolti ya katikati iwe na washa juu na chini na nati yenye pete ya plastiki ndani: kaza hadi ekseli ikwame, kisha rudisha robo ya mzunguko.

Magari ya kukalia ya betri, yale ya volti 6 na 12, ndiyo yanayotuudhi. Bei yake kubwa imeingia kwenye bodi na taa, lakini chini ya dashibodi kuna fimbo ya chuma iliyopinda mwishoni, na ncha yake imechomekwa kwenye tundu refu la tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Ukizungusha usukani, ile ncha inasukuma tairodi kushoto au kulia. Wazo si baya. Shida ni lile tundu: kila wiki linapanuka kidogo, hasa tairodi ikiwa ya plastiki, mpaka usukani unazungushwa robo nzima bila jambo lolote kutokea. Kabla ya kununua, ingiza mkono chini uguse tairodi. Ikiwa chuma, na pini zake zimefungwa kwa nati badala ya kofia za kubana, endelea. Ikiwa tayari unalo na limelegea, bushi nyembamba ya shaba iliyovishwa kwenye ncha ya fimbo pamoja na washa mbili za kujaza nafasi hurudisha sehemu kubwa ya ukazo. Paka grisi ya silikoni. Grisi za petroli hupasua baadhi ya plastiki.

Matoleo yenye rimoti ya mzazi yana mota ya pili inayozungusha fimbo hiyohiyo. Hapo uliza jambo moja tu: je, ina klachi ya kuteleza, yaani kiungo kinachoachia nguvu ikizidi ili gia zisivunjike? Jaribio ni rahisi. Mtu mmoja ashike usukani kwa nguvu, mwingine abonyeze rimoti kwa sekunde moja. Ukisikia mlio wa kukatakata, klachi inateleza na meno yako salama. Mota ikinguruma kisha ikanyamaza, ujue siku mtoto atakaposhindana na mzazi kwenye kona, gia ndiyo itakayolipa.

Gari la kutikisa, la aina ya PlasmaCar, ni ubunifu wa kupendeza, kwa kuwa usukani ndio injini. Magurudumu ya usukani hayako chini ya mhimili wake. Yamesogezwa nyuma kidogo. Ukitikisa kushoto na kulia, yanasukuma sakafu kwa mshazari na gari linasonga mbele. Ukigeuza usukani nusu mzunguko, yale magurudumu yanahamia mbele ya mhimili na gari linarudi nyuma. Magurudumu mawili madogo ya mbele kabisa hayagusi sakafu na hayajaharibika. Kazi yake ni kuzuia gari lisiinamie pua. Linataka sakafu laini yenye mshiko. Kwenye zulia halisogei, kwenye vumbi linateleza bila kwenda. Sehemu ya kuangalia ni nati na bushi chini ya nguzo ya usukani, maana hubeba uzito na mtikiso kwa pamoja. Ikianza kugonga, kaza mara moja, kwani tundu la plastiki likishapanuka halirudi.

Skuta za magurudumu matatu zinazokata kona kwa kuegemea hazina usukani wa kuzungusha. Mtoto akiinamisha mpini, mhimili ulio mshazari unageuza magurudumu ya mbele. Ni mfumo wenye ulegevu mdogo sana, na mwili unaegemea ndani ya kona unakotakiwa kuwa. Lakini ugumu wa springi lazima ulingane na uzito wa mtoto. Mwepesi kwenye springi ngumu atanyooka moja kwa moja hadi ukutani. Chagua yenye skrubu ya kurekebisha ugumu chini ya ubao.

Kwa wanaojenga wenyewe, LEGO Technic bado ndiyo shule bora. Chasisi namba 853 ya mwaka 1977 ilikuwa tayari na usukani wa reki, yaani upau wenye meno unaosukumwa na gia ndogo. Hesabu yake inafaa kujulikana. Gia ya meno 8 ina kipenyo cha kazi cha milimita 8, kwa hiyo mzunguko mmoja unasogeza reki milimita 25 hivi. Reki ikiwa na nafasi ya milimita 8 kila upande, gia inahitaji nyuzi 115 tu kumaliza safari. Ndiyo maana mota ya kawaida ikiunganishwa moja kwa moja hukata kona kwa kishindo na kuruka meno. Mota ya sevo, yaani mota inayogeuka hadi pembe iliyoamriwa na kusimama hapo, namba 88004 iliondoa tatizo hilo: inageuka nyuzi 90 kila upande kwa hatua 7, na inarudi katikati yenyewe. Kosa la wajenzi wengi ni kurundika gia kati ya usukani na reki ili usukani ukae mahali pazuri kwa macho. Kila jozi ya gia inaongeza ulegevu wake. Punguza jozi, halafu vuta reki upande mmoja kwa mpira mwembamba ili meno yabaki yameegemea upande uleule.

Magari yasiyo na usukani kabisa, yanayokata kona kwa kuendesha upande mmoja kasi kuliko mwingine kama kifaru cha vita, yana mambo machache ya kuharibika. Sharti ni moja: umbali kati ya ekseli usizidi upana wa gari. Likiwa refu, mota hutumia nguvu nyingi kuburuta tairi kando, betri huisha, na kwenye zulia huenda lisigeuke kabisa.

Sasa rimoti, ambako tofauti kati ya gari na gari ni kubwa kuliko boksi linavyokiri. Kwenye vigari vya kiganjani utakuta koili na sumaku. Umeme ukipita, sumaku inavutwa upande mmoja; ukikatika, inarudi. Nguvu yake ni ndogo, na unywele mmoja kwenye pini ya gurudumu unatosha kuizima. Magari makubwa ya bei ya chini yana kimota chenye gia na springi, na yanajua mambo matatu tu: kushoto kabisa, katikati, kulia kabisa. Kukata kona kidogo hakupo, hivyo kwa kasi yanapinduka. Katikati yake inategemea springi, na springi ikichoka au ikiingia mchanga gari linavuta upande. Kijiti kilicho chini ya pua ya gari ni cha kusahihisha hilo. Lisilokuwa nacho tusingelinunua. Tena, kushikilia kona kwa muda mrefu kunaiacha mota imekwama ikinyonya umeme, na hiyo ndiyo sababu betri za magari haya huisha upesi kwa watoto wanaopenda kuzunguka duara.

Ukiweza kuongeza bajeti, ongeza hapa: gari lenye sevo. Magurudumu yanafuata kiasi ulichozungusha rimoti. Sevo ya kawaida ina waya 3, na inasoma mapigo ya umeme yanayokuja kila milisekunde 20: pigo la milisekunde 1.5 ni katikati, 1 ni upande mmoja, 2 ni upande mwingine. Sevo ndogo ya gramu 9 ina nguvu ya kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1, yaani kile kijiti kinachokaa kwenye shina lake na kusukuma fimbo. Mkono ukiwa wa sentimita 1.5, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 1.2, kwa hiyo usiurefushe mkono ukidhani unaongeza uwezo. Inatosha gari dogo jepesi. Kwa gari la kilo moja na zaidi tafuta kubwa yake.

Tafuta pia kinga ya sevo, kile kiungo chenye springi kati ya sevo na tairodi. Gurudumu likigonga, springi inafunguka na meno hayapati habari. Watu hubadilisha gia za plastiki kwa za chuma wakaiondoa kinga, kisha wanashangaa mkono au tairodi ikivunjika. Kishindo hakikupotea, kimehamia kwingine. Springi nayo isiwe laini mno: gari likiwa limesimama na sevo inageuka lakini magurudumu hayageuki, kaza kinga kabla hujailaumu sevo.

Pima pia pembe ya kona. Nusu kipenyo cha duara la gurudumu la mbele la nje ni umbali kati ya ekseli gawanya kwa sini ya pembe ya gurudumu hilo. Gari lenye milimita 170 kati ya ekseli likikata nyuzi 15 linataka duara la kipenyo cha mita 1.3, likikata 30, sentimita 68. Ndani ya nyumba tofauti hiyo ndiyo furaha yenyewe. Gurudumu la ndani linapaswa kukata zaidi kuliko la nje, kanuni aliyoibuni Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, mwaka 1817 na ambayo wakala wake Ackermann aliisajili Uingereza mwaka uliofuata. Kwenye gari hilohilo lenye upana wa milimita 130, kona ambayo kitovu chake kiko milimita 400 kutoka katikati ya ekseli ya nyuma inataka nyuzi 27 ndani na 20 nje. Mikono ya magurudumu, ile inayoshikwa na tairodi, ikiwa sambamba kabisa, kanuni hiyo haipo na tairi zitaburutwa.

Kuweka sevo sawa kunafuata mpangilio huu. Washa rimoti kwanza, kisha gari. Rudisha kitufe cha kusahihisha kwenye sifuri. Ng'oa mkono wa sevo, acha sevo ijipate katikati, kisha rudisha mkono ukiwa nyuzi 90 na fimbo yake. Nyoosha magurudumu kwa kuzungusha tairodi. Zile zenye uzi wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande wa pili hurekebishwa bila kufunguliwa. Acha pua za tairi ziingie ndani kidogo sana, nyuzi 1 hivi. Mwisho weka kikomo cha kila upande. Sevo ikiendelea kuvuma ukiwa umekata kona yote, inasukuma kitu kisichosogea, nayo inaungua. Punguza kikomo hadi inyamaze.

Kuhusu vipuri, fungua kifuniko uhesabu waya kabla ya kuagiza. Sevo ya waya 5 haina ubongo wake. Iko mota na kipimo cha pembe tu, na amri zinatoka kwenye bodi ya kipokezi, ile inayopokea mawimbi ya rimoti. Huwezi kuchomeka ya waya 3 mahali pake bila kubadilisha kipokezi. Halafu hesabu meno ya shina, kwa kuwa kila mtengenezaji ana idadi yake: Futaba na Savox hutumia 25, sevo za kawaida za Hitec 24, Sanwa na KO Propo 23. Mkono wa meno 25 utaingia kwenye shina la 24 ukilazimishwa, na utakaa hadi kona ya kwanza ya nguvu.