Kitunguu cha Kwenye Runinga Kinanikera: Uchambuzi wa Vipindi vya Mapishi

Haya, karibuni watu wangu! Niko jikoni kwangu Sakina, Arusha, na jiko limeshawaka, maana leo maneno matupu hayatoshi. Mmeniomba sana nichambue vipindi vya mapishi vya kwenye runinga. Yale mashindano ya upishi, MasterChef mnaijua, Hell's Kitchen mnaijua, sina haja ya kuwaeleza nani anashindana na nani. Mimi ugomvi wangu ni kitunguu.

Sogeza kamera hapa, mwanangu. Chini kidogo. Haya, hiki ni kitunguu chekundu cha Mang'ola, nimekikata chembamba, mafuta kidogo, moto wa wastani. Natia… mnasikia inavyolia? Sasa mpishi wa runinga akishatia hivi, anageuka kupiga stori, akirudi kitunguu kimeshakuwa cha kahawia! Mimi hapa dakika tano zimepita, kinang'aa tu, rangi hakuna.

Hakuna uchawi, wamekata video tu. Kitunguu ni maji, karibu asilimia 90. Maji yakiwa bado yamo, joto lake linagota pale pale maji yanapochemkia, na rangi haiji. Mpaka yakauke. Sikilizeni sauti: ikilia kwa fujo, maji bado yapo, ikishuka, ikaanza kupasuka pasuka, hapo ndipo sukari yake inaanza kubadilika rangi. Kwa moto huu hesabu nusu saa na kitu. Ukikosa subira ukachochea, kingo zinaungua, katikati kibichi, mchuzi mchungu. Halafu binti ameolewa juzi, ameangalia kile kipindi, anadhani yeye ndiye hajui kupika. Jamani!

Na sisi wa Arusha tuko juu, kama mita 1,400. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu wa London maharage saa moja, ongeza muda, dada yangu, usilaumu maharage.

Ngoja nikoroge. Bado, mnaona?

Huku tukisubiri: kuna kipindi kinachonificha kitunguu, yaani kinakata muda wa kusubiri, na kuna kisichonificha. The Great British Bake Off, lile shindano la kuoka la Uingereza, mimi naipenda. Ilianza 2010 pale BBC, ikahamia Channel 4 mwaka 2017. Wanaoka ndani ya hema, joto likizidi krimu inayeyuka na wewe unaiona inayeyuka. Raundi ya pili wanapewa maelekezo nusu nusu, mtu unamwona kapiga magoti mbele ya oveni anachungulia. Huo ndio upishi! Na mshindi hapati hela, anapewa maua na kibao cha kuwekea keki. Linganisha na Chopped ya Marekani, wapishi wanne wanagombea dola 10,000, kila mtu jasho linamtoka. Inasisimua, sikatai. Ila hujifunzi chakula cha kuwapa watoto jioni.

Gordon Ramsay, yule mpishi Mwingereza? Makelele yake ya Hell's Kitchen nikiwa nimechoka nazima. Lakini huyo huyo mtazameni MasterChef Junior, akiwa na watoto, mpole, anainama anawaeleza. Kumbe anajua! Basi sijui nimwekee alama ngapi. Mwekeeni nyie hapo chini.

Bei sasa. Vipindi hivi vingi viko kwenye vifurushi vikubwa vya king'amuzi. Kwa kupika tu, mimi ningenunua mtungi wa gesi, nikaangalia vipande vya bure mtandaoni. Kama nyumbani kuna mtu wa mpira, kifurushi kipo tayari, wewe dandia.

Eeeh, rangi hiyo! Leta kamera haraka. Chini pameshika, nanyunyizia maji kidogo nakwangua, utamu wote uko hapo. Hii hatua kwenye runinga hawakuonyeshi hata siku moja.

Tangazo la chaneli: Ijumaa napandisha mtori, ndizi mshare na nyama ya mfupa, mwanzo mwisho bila kukata kipande. Video ndefu, najua bando linauma, kwa hiyo mwenye haraka asogeze mbele mwenyewe.