Bima ya moto ya biashara: nimelipia miaka minne nikadai mara moja, haya ndo niliyokutana nayo

Nawapa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za asesa wao, yule mkaguzi wa hasara, na dada mmoja wa kitengo cha klemu, yaani madai, aliyekuwa anapokea simu zangu. Kampuni siitaji jina maana kuna madai bado hayajaisha.

Mimi nina karakana ya fanicha. Mbao, vanishi, sponji, mashine tatu za umeme, yaani vitu vyote vinavyopenda moto viko chini ya paa moja, kwa hiyo bima nilikata mapema na premiamu sijawahi kuchelewesha hata mara moja, kila mwaka ajenti anakuja anasema bosi tunarenyu ileile, mi nasaini tunaagana. Usiku mmoja shoti ikaanzia stoo. Mashine zilipona, ila mzigo wa stoo karibu wote ukaenda, na kilichobaki kikalowa maji ya zimamoto.

Asesa alifika siku ya pili na hapo sina lawama, jamaa anajua kazi. Alipima kwa futi ule mstari wa masizi ukutani kujua mbao zilipangwa mpaka juu kiasi gani, akahesabu mpaka bawaba zilizoungua kwenye boksi. Risiti zangu zilikuwa zimelowa, nikazianika kwenye kamba kama nguo na yeye akazipiga picha moja moja. Kama unanunua mzigo bila risiti au daftari lako la stoo linakaa humohumo stoo, aisee litoe leo, piga picha tuma kwenye imeili yako.

Shida ikaanza ofisini. La kwanza, averaji. Sikuwa nalijua hili neno kabla, na ajenti miaka minne yote hakulitamka. Iko hivi: mali yako ikiwa na thamani ya 100 na wewe umeikatia bima ya 60, basi kampuni inakuhesabu kwamba 40 umejibebea mwenyewe, kwa hiyo ukiunguliwa na mzigo wa 30 hawakupi 30, wanakupa 18, halafu wanatoa na ekses, kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe. Mimi nilidhani maadamu kilichoungua hakifiki kile kiwango nilichokatia nitalipwa chote. Kumbe ile "tunarenyu ileile" ndo iliniumiza, mzigo ulikuwa unakua na bei za mbao zinapanda, kiwango kwenye karatasi kimeganda palepale. Na hili sio uonevu wa kampuni yangu tu, ni kanuni iko kwenye mikataba ya bima za mali sehemu nyingi sana. Ila kuuziwa kitu miaka minne bila kuambiwa, hapana, hilo nalilaumu.

La pili liliniuma zaidi. Mkataba ulikuwa na sharti mitungi ya kuzimia moto ifanyiwe sevisi kila mwaka, na kile kikaratasi kwenye mtungi kilikuwa kimepitiliza wiki tatu. Wakataka kukataa klemu nzima kwa hizo wiki tatu! Moto umetokea usiku, karakana imefungwa, hakuna mtu ndani, huo mtungi angeushika nani? Uingereza walishalifanyia kazi hili kwenye sheria yao ya bima ya 2015, kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti kama hilo ukionyesha kwamba kulivunja kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Sehemu nyingine sharti la aina hiyo bado linaweza kukumaliza, kwa hiyo kila penye neno "sharti" au "dhamana" kwenye mkataba soma mara mbili.

Nilitafuta wakili, na nilijifunza mengi kwake kuliko kwa ajenti. Aliniambia ile kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, yaani usifiche jambo lolote muhimu kwenye mkataba wa bima, ambayo makampuni wanapenda kututupia usoni, kesi yake maarufu ni ya 1766 huko London, Carter na Boehm, kuhusu ngome moja Sumatra iliyotekwa na Wafaransa, na jaji Lord Mansfield alisema uaminifu unazibana pande zote mbili na aliyekata bima ndiye aliyeshinda! Hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu wa bima. Basi tukaandika barua, dada wa klemu akaipeleka juu, wiki ya sita wakaachana na habari ya mtungi.

Kisha wakaniletea karatasi ya kusaini, malipo kamili na ya mwisho. Nilikuwa na njaa ya hela nusura nisaini. Wakili akanizuia kwa sababu ukisaini hiyo, kurudi kudai tena ni shughuli, na tulikuwa hatujamaliza kubishana thamani waliyotumia kwenye averaji, walichukua bei ya kuuzia badala ya bei niliyonunulia mzigo, ikaonekana nimekata bima ndogo kuliko hali halisi. Kwenye marekebisho nikapata zaidi.

Miezi miwili ya kutofanya kazi sijalipwa kitu, maana bima ya kusimama kwa biashara ni kipengele cha kununua pembeni na mimi sikuwa nacho.

Sasa niko na broka. Tofauti ni kwamba ajenti anasimama kwa niaba ya kampuni, broka anatakiwa asimame upande wako, na huyu wa sasa kitu cha kwanza alichofanya ni kuja kuhesabu mzigo mwenyewe. Kilichobaki ni barua ya kampuni ya bima ya jirani, moshi uliingia kwake ikamlipa, sasa inanidai mimi irudishe hela yake, na bima yangu ya moto haigusi madhara ya mtu mwingine. Broka na wakili wanaijibu wiki hii, wameomba kwanza ripoti ya fundi umeme ionyeshe shoti ilianzia kwenye waya wa nani.