Vitabu vya kumbukumbu vya Nasser Road: kuchapa wanajua, bibi mnamjua nyinyi

Bibi akifariki, familia nyingi za Wakongo wa Katwe, Nsambya na Makindye hutuma kijana Nasser Road siku hiyohiyo, flashi ya picha mfukoni. Hajapotea njia. Kwa kazi ya karatasi ni vigumu kupata mtaa mwingine Kampala wa kuufananisha na huo: mwenye kompyuta, mwenye mashine ya kuchapa, mwenye laminesheni na mwenye gilotini ya kukatia wako hatua chache, na kazi hupita mkono kwa mkono hadi iishe. Tatizo huanza pale mtaa huo unapotakiwa kutengeneza kwa usiku mmoja kitabu cha maisha ya mwanamke aliyeuhamisha ukoo mzima kutoka Kongo hadi Uganda.

Igaweni kazi mara mbili. Kwa mazishi chapeni ratiba tu: karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, kurasa 4, picha moja mbele, sala na nyimbo ndani. Hiyo hutoka kwa saa chache na hutoka vizuri. Kitabu kiachieni siku ya kumaliza matanga. Kwa wiki hizo chache wajomba wa Goma watakuwa wametuma picha, na shangazi walioko Marekani au Kanada watakuwa wamesoma rasimu na kusahihisha.

Kwenye maandishi ndiko kuna hatari kubwa. Karani akisomewa jina kwa mdomo, huliandika kama sikio lake lilivyozoea. Tahajia ya Kiganda huweka r baada ya e na i, kwingineko huweka l. Ndiyo maana Furaha huwa Fulaha na Faraja huwa Falaja, tena kwa herufi kubwa za dhahabu juu ya jalada. Huo si uzembe, ni lugha yake inamwongoza. Dawa ni kupeleka majina yote yakiwa yameshachapwa, ayanakili bila kuandika upya, kisha mtu wa familia akae pembeni yake ayasome herufi kwa herufi kwenye karatasi. Kwenye kioo cha kompyuta macho hupita tu.

Jina la bibi mwenyewe lataka kikao. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, hivyo aliyebatizwa Marie anaweza kuwa na karatasi za Zaire zisizo na Marie kabisa, halafu jina likarudi kwenye kadi yake ya ukimbizi. Jalada lipeni jina aliloitwa nyumbani, mengine yaingie ndani. Na aliyejifungua Bukavu mwaka 1980 alijifungulia Zaire, maana nchi iliitwa hivyo kuanzia 1971 hadi 1997; asitokee mtu wa "kuisahihisha". Mkiona karatasi zake zinasema 1 Januari, ulizeni kwanza. Karani wa usajili huandika hivyo mara nyingi pale siku haijulikani. Ni heshima zaidi kuandika "takriban 1943" kuliko kumpa siku ya kuzaliwa isiyokuwa yake.

Maduka mengi yana kiolezo tayari: alizaliwa, alisoma, aliolewa, ameacha watoto kadhaa. Kikataeni. Kwanza, sentensi za marehemu wa wiki iliyopita huweza kubaki humo. Pili, hakina nafasi ya safari, na kwa mama wa ukoo uliohama, safari ndiyo uti wa mgongo. Andikeni alivukia wapi, Bunagana, Mpondwe au Sebagoro baada ya Ziwa Albert. Alivuka na watoto gani, na nani alibaki nyuma akafuata baadaye. Na katika orodha ya watoto, waliolelewa wawekwe pamoja na waliozaliwa, kwa umri, bila mstari wa kuwatenga. Yeye hakuwatenga kwenye sahani.

Upande wa picha mafundi ni hodari, ila hawawezi kurudisha kilichokwisha kupotea. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo aliye mbali aitume kama faili ya dokumenti. Picha ya kujaza ukurasa wa A5 inahitaji takriban nukta 1,750 kwa 2,480. Chini ya hapo uso huanza kuwa na ukungu. Picha ndogo ya studio iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ndipo mtaweza kuikuza mara mbili bila kuharibika. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu msiibandue, kwa sababu rangi hubaki kiooni. Iskanini pamoja na kioo chake. Kitenge nacho kina ukaidi wake: buluu kali huelekea zambarau na rangi ya chungwa hufifia, kwa kuwa wino nne za mashine haziwezi kutoa kila rangi ya simu. Dai ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, uutazame nje, juani.

Karatasi: A5, ndani gramu 130 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba), jalada 250 au 300. Kitabu cha pini hupangwa kwa mafungu ya kurasa 4. Ukipeleka kurasa 18, wataongeza 2 tupu au watabana maandishi. Jalada zito lipigwe alama ya mkunjo kabla ya kukunjwa, la sivyo laminesheni hupasuka mgongoni ndani ya mwezi. Picha za kufika ukingoni ziachiwe milimita 3 za ziada kila upande, kwa ajili ya kisu. Kabla ya kukata, hesabuni kurasa za nakala moja iliyokunjwa, maana rundo likishapita gilotini halirudi.

Kuhusu bei, msikubaliane na dalali wa barabarani. Ingieni dukani mtaje gramu, idadi ya kurasa na laminesheni, ndipo mtaweza kulinganisha maduka mawili. Kwa nakala 50 au 100 chagueni mashine ya dijitali. Ofseti, mashine inayochapa kwa bamba za chuma (pleti), hudai pleti nne, moja kwa kila wino, na gharama yake ni ileile hata mkichapa 1,000. Lipeni nusu, nusu nyingine mkipokea. Kabla ya kuondoka dai PDF kamili, ili jamaa wa Australia wachapishe yao hukohuko, na mhesabu picha za asili kabla ya kutoka mlangoni.

Jambo moja ambalo maduka hayatoi mpaka uombe: karatasi inayong'aa haishiki kalamu, wino huteleza na kuchafua. Waambieni karatasi ya nje kabisa, ile inayogusana na jalada, iwe ya bondi, isiyong'aa, ya gramu 100. Itawapa kurasa 2 za mwanzo, zinazofaa kwa jina na tarehe, na 2 za mwisho ambazo wajukuu wataandika kwa mkono.